UZI: Kompyuta ya ziada imekaa tu kabatini? Linux gani umwekee mtu asiyewahi kuigusa

#1 ChumaBadoKizima (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Tangu Microsoft wafunge masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wateja wananiletea swali lilelile: laptopu ya zamani imekaa kabatini, Windows 11 imeikataa, kuna mtu kawaambia wakaiuze spea. Naumia kuona mashine hizo zinaenda kuchunwa vioo na kibodi wakati bado zina miaka ya kufanya kazi mbele yake. Kwa hiyo naandika kwa urefu, na naandika kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kugusa Linux (mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows) na hana hamu ya kuwa fundi. Anataka mashine iwake, afungue brauza, aandike barua, mtoto asome.

Kwanza muelewe kwa nini Windows 11 inazikataa. Inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, yaani za kuanzia mwaka 2017. Sasa tazama mashine za mtumba tulizonazo mtaani: HP EliteBook 8470p, Folio 9470m, ThinkPad T430, Dell Latitude E6430. Zote ni kizazi cha 3, za mwaka 2012. Masharti hayo hazikidhi. Ila mpe mtu Core i5 ya kizazi cha 3 yenye RAM GB 8, akiandika na kusoma mtandaoni hatajua kama ni ya mwaka 2012.

Msimamo wangu nausema mapema ili asiyetaka kusoma yote aondoke na kitu: weka Linux Mint. RAM ikiwa GB 8, chukua toleo la Cinnamon. Ikiwa GB 4, chukua Xfce. Chini ya hapo, au mashine ya biti 32 (zile za zamani sana kama Pentium 4), endelea kusoma.

Kabla ya distro (aina ya Linux), diski

Watu wanabishana wiki nzima Mint au Ubuntu, huku mashine ina diski ya kuzunguka ya tangu siku ilipotoka kiwandani. Hakuna distro itakayoiokoa hiyo. Ukiweka SSD ya SATA (diski ya kasi isiyozunguka), hata ile ndogo ya GB 120 au 240, tofauti utakayoiona ni kubwa kuliko tofauti ya distro yoyote na nyingine. Laptopu nilizozitaja zote zinapokea SSD ya kawaida ya inchi 2.5 (kwa Folio 9470m hakikisha ni ile nyembamba ya milimita 7, ambazo ndizo nyingi sokoni). Hela ikiwa ndogo, SSD kwanza, RAM baadaye.

Kujua ulichonacho, ukiwa bado ndani ya Windows bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda sehemu ya utendaji wa mashine. Hapo utaona jina la prosesa, RAM ni GB ngapi, na diski imeandikwa SSD au HDD (ya kuzunguka). Andika pembeni. Ukija kuuliza swali hapa bila hayo matatu, tutakuwa tunabahatisha.

Kwa nini Mint

Mint ilianza mwaka 2006, mwanzilishi wake ni Clement Lefebvre, na mradi una makao Ireland. Inajengwa juu ya matoleo ya Ubuntu yanayotunzwa muda mrefu. Mfululizo wa sasa wa 22 ulianza Julai 2024, umekaa juu ya Ubuntu 24.04, na unapata masasisho ya usalama hadi mwaka 2029. Kwa kompyuta ya ziada hilo ni jambo kubwa: unaiweka, unamkabidhi mtu, na miaka inapita bila wewe kuitwa kuipiga upya.

Mtu aliyezoea Windows 7 au 10 akikaa mbele ya Mint anaona menyu chini kushoto, saa chini kulia, na madirisha yaliyofunguliwa yamejipanga katikati. Hakuna cha kumfundisha siku ya kwanza. LibreOffice na Firefox zimo tayari. Kuna kidhibiti cha masasisho kinachokuonyesha nini kinaingia na ni MB ngapi kabla hujakubali, na sisi tunaoishi kwa bando tunajua thamani ya hilo. Kuna kidhibiti cha draiva, zile programu zinazoiwezesha mashine kutumia vifaa kama kadi ya Wi-Fi. Na kuna Timeshift, inayopiga picha ya mfumo ili kitu kikiharibika urudi jana. Kumbuka Timeshift kwa kawaida inahifadhi mafaili ya mfumo, haigusi nyaraka zako. Nyaraka zako zihifadhi mwenyewe kwenye diski ya nje.

Tofauti ya Cinnamon na Xfce ni mwonekano na uzito. Cinnamon inang'aa, ina mipangilio mingi ya kubofya. Xfce ni nyepesi, haina mapambo mengi, na ikiwa imewaka bila kufanya kitu inakula RAM chini ya GB 1. Kwenye mashine ya GB 4, kile kinachobaki ndicho brauza itakachokula, na siku hizi mla RAM mkubwa ni brauza. Kuna pia MATE katikati, ni nzuri, lakini anayeanza hakuna haja ya kumchanganya.

Nyingine, kwa ufupi

Ubuntu yenyewe ni imara. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini aliianzisha mwaka 2004 na ndiyo iliyoleta watu wengi kwenye Linux. Mpangilio wake wa upau wa kushoto unamchanganya mtu wa Windows mwanzoni, na kwa RAM GB 4 inajikokota. Zorin OS inapendeza macho na imelenga hasa wanaohama Windows. Wameachia toleo la 18 siku ileile Windows 10 inafikia mwisho. Ina msingi wa Ubuntu kama Mint, kwa hiyo anayeipenda sina ugomvi naye, mradi mashine iwe na nguvu kiasi. Lubuntu ni nyepesi zaidi, ya GB 2. Debian nzuri sana, ila hapo mwanzo inamwachia mtumiaji maamuzi ambayo Mint imeshamfanyia.

Fedora inatoa toleo jipya takribani kila miezi 6, na kila toleo linatunzwa kama miezi 13 tu. Kompyuta ya ziada, ile inayowashwa wikendi, itakuta muda umepita. Arch mpe mtu anayetaka kujifunza Linux kwa ndani, usimpe mama yako mdogo.

Jaribu kabla hujafuta kitu

Hili ndilo ninalotaka mlishike kuliko yote. Linux inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Unapata mashine nzima ya kuchezea, ukizima, Windows yako ipo palepale.

Pakua faili la ISO (Mint nzima ndani ya faili moja), ni karibu GB 3. Kama mtandao wako unakatika, tumia torenti iliyopo kwenye ukurasa wao, inaendelea pale ilipoishia. Baada ya kupakua, hakiki. Ndani ya Windows fungua dirisha la amri, andika:

certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256

Linganisha mstari unaotoka na ule ulioandikwa kwenye tovuti ya Mint. Msiruke hatua hii. Tarehe 20 Februari 2016 wadukuzi waliingia tovuti ya Mint yenyewe na kuelekeza watu kwenye ISO ya 17.3 Cinnamon iliyopandikizwa mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia mashine. Mbali na udukuzi, faili lililokatika kidogo kwa sababu ya mtandao litakusumbua katikati ya kuweka, na utalaumu distro bure.

Kisha chukua flashi ya GB 8 isiyo na kitu cha maana, iandike kwa Rufus, programu ya Windows ya kuweka ISO kwenye flashi. Kwenye HP, washa huku unagonga Esc, halafu F9, chagua flashi. Dell na Lenovo ni F12. Flashi isipoonekana, ingia BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe kabla mfumo haujawaka) uruhusu kuwaka kwa USB.

Ikishawaka, usikimbilie ikoni ya kuweka. Kaa nayo nusu saa. Unganisha Wi-Fi. Fungua video, sikiliza sauti, chomeka na spika za masikioni. Ongeza na kupunguza mwanga kwa vitufe vya kibodi. Fungua kamera. Kisha funga mfuniko, ngoja dakika moja, ufungue. Mashine ikiamka, kioo kikarudi, na Wi-Fi ikajiunga yenyewe, umepona. Mashine za biashara kama EliteBook na ThinkPad mara nyingi zinapita jaribio hili bila shida. Zile za dukani za bei rahisi ndizo zinazokwama, hasa kwenye Wi-Fi.

Yakipita yote, ndipo bofya ikoni ya kuweka, weka alama kwenye kisanduku cha kodeki za muziki na video, na kwa kuwa hii ni kompyuta ya ziada, chagua kufuta diski nzima. Nakala ya picha na nyaraka uwe umeshatoa.

Karibuni kwa maswali. Wenye mawazo tofauti waseme pia, uzi ni wa wote.

#2 BintiMgeni

Asante sana mkuu. Mimi ninayo mini laptopu, RAM GB 2 haiongezeki, diski yake GB 32 imeungwa kwenye ubao. Nilinunuliwa nikiwa sekondari. Nataka mdogo wangu aitumie kusomea. Nayo inafaa Mint?

#3 ChumaBadoKizima

Dada, Mint Xfce kwa maandishi inakubali GB 2, ndicho kiwango chao cha chini kabisa. Itawaka. Taabu itaanza akifungua brauza na kurasa tatu nne.

Kwa hiyo jaribu Lubuntu kwanza kwa flashi. Ikijikokota, nenda antiX. Hiyo imejengwa juu ya Debian, ni nyepesi mno, inakaa kwenye RAM ndogo sana kabla hujafungua programu. Sura yake ni ya kizamani, mwambie mdogo wako asishtuke. Yoyote utakayochagua, fanya haya mawili: ndani ya Firefox weka uBlock Origin, matangazo yakiondoka kurasa zinakuwa nyepesi na bando linadumu; halafu fungua terminali (dirisha la amri la Linux) uandike:

sudo apt install zram-tools

Hiyo inabana sehemu ya RAM ili iingize vitu vingi zaidi. Haifanyi GB 2 kuwa GB 4, ila inazuia ule ugandaji wa mashine kusimama kabisa.

GB 32 zinatosha mfumo na nyaraka. Video azihifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu.

#4 MwalimuWaKata

Mwanzisha uzi, heshima yako. Mimi nitakupinga kwa nia njema. Nasimamia chumba cha kompyuta cha shule, mashine za mezani za Dell OptiPlex, zote zinafanana. Nimeweka Debian na Xfce, na sioni sababu ya kuhamia Mint. Debian 13 imetoka Agosti 2025. Ukishaipanga, haikuamshi usiku. Haibadiliki badiliki. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza na wa kidato cha nne wanakuta menyu ileile. Hayo maamuzi unayosema Debian inamwachia mtu, mimi nayafanya mara moja kwa mashine zote.

Pili, umesahau biti 32. Shule nyingi bado zina Pentium 4 za msaada.

#5 ChumaBadoKizima

Mwalimu, shikamoo. Kwa chumba cha mashine zinazofanana, zenye mtu kama wewe wa kuzisimamia, nakubali kabisa, Debian ni chaguo zuri na huenda ni bora kuliko langu. Uzi huu nimeuelekeza kwa mtu mmoja mwenye mashine moja, asiye na mwalimu karibu. Huyo akikwama saa tatu usiku, atatafuta jibu mtandaoni, na majibu ya Mint na Ubuntu yaliyoandikwa kwa wanaoanza ni mengi kuliko ya distro nyingine zote.

Biti 32, ni kweli nimeipita haraka. Ukweli wenyewe hauna furaha. Ubuntu waliacha biti 32 tangu toleo la 19.10. Chrome ya Linux iliacha mwaka 2016. Debian 13 haina tena kisakinishi cha biti 32. Na Firefox nao wamefunga milango kwa Linux ya biti 32. antiX bado inatoa toleo la biti 32, na Puppy yapo matoleo ya zamani, lakini brauza ndiyo itakayokuangusha, kwa sababu kurasa za leo hazikuandikwa kwa Pentium 4. Mashine hizo zifanye kazi za nje ya mtandao: kuandika, kujifunza kuchapa, Tux Paint kwa watoto wadogo. Na kwa faida ya wengine: Core 2 Duo ni biti 64, wengi wanadhani si hivyo. Usiitupe.

Ombi moja mwalimu, tueleze masasisho unayafanyaje kwa mashine zote hizo. Bando la shule linatosha?

#6 MwalimuWaKata

Marahaba. Ninatumia apt-cacher-ng. Nimeiweka kwenye mashine moja, nyingine zote zimeelekezwa kwake. Mashine ya kwanza ikivuta sasisho kutoka intaneti, nakala inabaki pale, zilizobaki zinachukua ndani ya chumba bila kugusa bando. Ni programu ndogo, haihitaji mashine ya nguvu.

Na kitu kingine ambacho kila shule ingekuwa nacho: Kiwix. Unapakua Wikipedia nzima ya Kiswahili kama faili moja, unaisoma bila intaneti kabisa. Wanafunzi wangu wanaisoma umeme ukiwepo, mtandao usipokuwepo hawajui.

#7 Kijana_wa_Tudor

Sema mkuu. Mimi niko Mombasa, fundi alinipigia Ubuntu kwa laptopu ya mdosi wangu mwaka huu, ila kila nikijaribu kuweka programu inakataa, inaniambia haipati faili. Nimeangalia, imeandikwa 18.04. Hiyo ni shida ya Linux ama ni shida ya fundi?

#8 ChumaBadoKizima

Ndugu yangu, hiyo namba inamaanisha Aprili 2018. Matunzo yake ya kawaida yaliisha mwaka 2023. Hata 20.04 imeshaisha, Mei 2025. Mafundi wengi tuna flashi moja tunayozunguka nayo miaka, na ISO ndani yake haijabadilishwa. Kwa Windows iliyochakachuliwa mteja hakugundua, kwa Linux inagundulika haraka.

Usihangaike kuipandisha hatua kwa hatua kutoka 18.04, utamaliza bando njiani. Toa nyaraka za bosi, piga upya kwa ISO ya sasa. Na siku nyingine fundi akikuwekea Linux, muulize namba ya toleo kabla hujalipa.

#9 SekretariMkuu

Mimi shida yangu ni ofisini. Nikiandika barua kwenye LibreOffice nikaituma, wenzangu wakiifungua kwa Word, mistari imesogea, jedwali limeruka ukurasa. Nimeambiwa Linux haifai kazi za ofisi. Ni kweli?

#10 ChumaBadoKizima

Dada, sehemu kubwa ya tatizo hilo ni fonti. Barua imeandikwa kwa Times New Roman au Calibri, mashine yako haina fonti hizo, inaweka nyingine zenye upana tofauti, mistari inasukumana. Weka hii:

sudo apt install ttf-mscorefonts-installer

Utaletewa masharti ya leseni, bonyeza kitufe cha Tab hadi kwenye kukubali, kisha Enter. Hapo unapata Times New Roman, Arial na wenzake. Calibri haimo, lakini weka fonts-crosextra-carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule wa Calibri, kwa hiyo mistari inakatika palepale.

Jambo la pili, ingia kwenye chaguzi za LibreOffice, sehemu ya kufungua na kuhifadhi, uweke docx iwe ndiyo aina ya kawaida ya kuhifadhi. Na barua ikishakamilika, isiyohitaji kuhaririwa, itume kwa PDF. Hiyo haisogei popote.

Nikuongezee: LibreOffice ina sura ya Kiswahili unayoweza kuichagua. Kazi hii kwetu ina historia. Mwaka 2004 watu wa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakiwemo, walitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili. Mimi naiheshimu sana kazi ile, na natamani vijana wa vyuo waiendeleze.

Ila nisikudanganye. Kama kazi yako ni majedwali ya Excel yenye makro nyingi, au unatumia Photoshop, au QuickBooks ya kuwekwa kwenye mashine, ibakize Windows kwenye kompyuta ya kazi. Linux iweke kwenye ile ya ziada. Nimeandika "ya ziada" kwenye kichwa cha uzi kwa kusudi.

#11 NusuWindows

Mkuu, mimi nimeweka zote mbili, Mint na Windows 10 kwenye mashine moja. Kila nikitoka Mint kwenda Windows, saa inarudi nyuma masaa 3. Halafu diski ya D nikiwa Mint naiona lakini hainiruhusu kuhifadhi kitu. Virusi?

#12 ChumaBadoKizima

Si virusi. Saa: Linux inaandika muda wa dunia kwenye saa ya ubao, Windows inaisoma saa hiyo kama muda wa hapa. Afrika Mashariki tuko masaa 3 mbele, ndiyo maana unaona hasa masaa 3. Ukiwa Mint andika:

timedatectl set-local-rtc 1

Imeisha hiyo.

Diski ya D: Windows ina tabia ya kutozima kabisa, inalala nusu ili iwake haraka kesho. Diski inabaki imeshikiliwa, na Linux inaogopa kuiandikia isije ikaharibu nyaraka zako. Ingia Windows, kwenye mipangilio ya umeme ondoa uwashaji wa haraka, kisha zima kabisa. Ukirudi Mint utaandika.

Haya ndiyo yanayonifanya nisiwashauri wanaoanza kuweka mbili kwa pamoja. Yanatatulika yote, lakini mtu mpya akikutana nayo wiki ya kwanza anadhani Linux imemharibia mashine. Ukiwa na kompyuta ya pili, ipe Linux peke yake.

#13 MamaWawili

Habari zenu. Mimi nimejaribu leo kwa flashi kama ulivyosema, Mint Xfce kwenye ProBook ya zamani ya mume wangu. Imewaka vizuri, sauti ipo, kamera ipo, ila Wi-Fi haionekani kabisa, hata alama yake hakuna. Niache?

#14 ChumaBadoKizima

Usiache, mama. ProBook nyingi za miaka ile zina kadi ya Wi-Fi ya Broadcom, na draiva yake haiwaki yenyewe kwa kuwa si ya chanzo huria. Fanya hivi: chomeka simu yako kwa waya wa USB, ingia mipangilio ya simu, washa kushiriki intaneti kwa USB. Mint itaipokea papo hapo bila kuweka kitu chochote. Kisha fungua kidhibiti cha draiva kwenye menyu, ngoja itafute, utaona Broadcom imeorodheshwa na draiva iliyopendekezwa. Chagua hiyo, kubali, washa upya. Kama bado uko kwenye flashi, ni afadhali uweke Mint kwanza ndipo ufanye hatua hii, maana ukizima flashi ya majaribio mabadiliko yanapotea.

Kuhakikisha kabla hujafuta diski, fungua terminali andika lspci, tafuta mstari wenye neno Network. Ulete hapa tuusome pamoja.

#15 MamaWawili

Umeandikwa: Network controller: Broadcom Inc. and subsidiaries BCM43228 802.11a/b/g/n

#16 ChumaBadoKizima

Ndiyo hiyohiyo, inakubali. Weka Mint, kisha simu kwa waya, kisha kidhibiti cha draiva. Unatoa nakala ya picha za watoto kwanza?

#17 MamaWawili

Ndiyo nazihamishia kwenye diski ya nje sasa hivi. Printa yetu ni Canon ile ndogo nyeusi na nyeupe, LBP2900. Itachapa?

#18 ChumaBadoKizima

Hapo nitakuwa mkweli kwako. LBP2900 inaongea lugha yake yenyewe, CAPT, na kuifanya ichape kwenye Linux ni kazi ya kutokwa jasho hata kwa fundi. HP nyingi zinakubali moja kwa moja, maana programu yao ya HPLIP imo ndani ya Mint. Epson za matangi ya wino nazo nyingi zina draiva za Linux. Printa mpya za Wi-Fi mara nyingi hazihitaji hata draiva.

Kwa sasa, watoto wakiandika kazi zao wahifadhi PDF, mchape kutoka kwenye kompyuta ya baba yao. Msinunue printa kwa sababu ya hili tu. Siku mtakayonunua nyingine kwa haja zenu, njoo uulize hapa kabla hujalipa.

#19 Umeme_Umekatika

Mkuu swali dogo. Mashine yangu betri imekufa, inawaka kwa chaja tu. Huku kwetu umeme unakatika bila taarifa. Linux itavumilia kuzimika ghafla?

#20 ChumaBadoKizima

Inavumilia kiasi kikubwa. Mint inatumia mfumo wa mafaili wa ext4, unaoweka kumbukumbu ya mabadiliko ya mpangilio wa mafaili kabla ya kuyakamilisha, kwa hiyo ikiwaka tena inajirekebisha yenyewe kwa sekunde chache. Unachopoteza ni kile ambacho hukuhifadhi. Kwenye LibreOffice weka hifadhi ya kujiokoa iwe kila dakika 2.

Hatari iko sehemu moja: umeme ukikatika katikati ya masasisho. Usiyaruhusu yajifanye yenyewe, yafanye ukiwa umekaa, na kabla ya kuanza piga picha ya Timeshift. Ikikatika na mashine ikagoma kuwaka, washa kwa ile flashi uliyowekea, fungua Timeshift humohumo, rudisha picha ya mwisho. Kwa sababu hiyo flashi usiifute baada ya kuweka. Iandike jina, iweke kwenye begi la chaja.